Jibu: Ziara ya wanafunzi wa uhandisi kutoka Kisumu

Mwalimu, umeuliza kama darasa la watu 40 linaweza kuona kiwanda cha sukari na kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu kwa siku moja. Linaweza, ila mtakimbizana na saa bure. Mimi ningechagua Sondu Miriu peke yake: megawati 60, kisha maji yaleyale yanateremka hadi kituo cha pili, Sang'oro, kuzalisha nyingine 21. Wanafunzi wataona mto mmoja ukifanya kazi mara mbili.

Sukari ipange siku nyingine, na kabla ya kukodi basi piga simu uulize kama kiwanda kinasaga miwa. Kikisaga, watafuata joto lote: makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini, kisha mvuke uliotumika unachemsha juisi. Kikiwa kimefungwa kwa matengenezo, usiahirishe haraka. Rola za kusagia miwa zikifunguliwa, wanafunzi wa uhandisi wa mitambo hufurahi kuliko wa umeme.

Barua ya chuo ya kuomba ziara haitoshi. Ambatanisha majina ya wanafunzi, nambari za vitambulisho na bima. Omba wagawanywe makundi ya kumikumi, maana kelele za mashine humeza sauti ya anayeeleza. Na viatu viwe vya kufunika vidole. Sandali hurudishwa getini.