Ndege ilianguka, haikupatwa na "tukio la ajali"

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, ananiuliza: ile ndege ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, tuseme "ilianguka ziwani" au "ilitumbukia ziwani"?

Yote mawili ni sawa. Kuanguka ni kutoka juu kuja chini. Kutumbukia ni kuingia ghafla ndani ya maji au shimo. Ndege ile, ya aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaishia majini karibu kabisa na uwanja. Atakayetazama angani atasema ilianguka, na atakayetazama ziwa atasema ilitumbukia.

Ila barua hiyohiyo inaanza hivi: "Kufuatia tukio la ajali ya ndege..." Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Tukio la ajali! Kwani kuna ajali isiyotukia? Siku hizi kila msiba hauna budi kuvishwa koti hili: tukio la moto, tukio la mafuriko, tukio la kifo. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, wazee wa Mwanza walisema meli imezama, na kila aliyesikia alishika kichwa. Leo tungetangaziwa "tukio la kuzama kwa meli", kana kwamba ni kikao.

Ajali tumeipata kwa Waarabu, kwao ajal ni muda uliowekwa, saa ya mtu kufa. Neno zito hilo, halihitaji mkongojo.

Na katika usafiri wa anga kosa hili linapoteza maana kabisa, kwa sababu wenye kazi yao wameyatenganisha maneno haya makusudi. Kwa kanuni za kimataifa za uchunguzi, ajali ni pale mtu anapokufa au kuumia vibaya, ndege inapoharibika sana, au inapopotea isionekane. Tukio ni jambo lililogusa usalama bila kufika huko. Tairi likipasuka ndege inatua Mwanza, abiria wakashuka salama, hilo ni tukio. Ndege mbili zikiponea chupuchupu kugongana angani, hilo ni tukio, zito kwelikweli. Bukoba walikufa watu 19. Ile ni ajali. Ukisema "tukio la ajali" umechanganya kilichokaribia kuua na kilichoua.

Msinione nashikilia vijineno. Machi 27, 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, rubani wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alitamka maneno ambayo mwongoza ndege aliyaelewa kuwa bado anasubiri, kumbe alikwisha anza kukimbia aruke. Ndege yake ikaigonga ya Pan Am, shirika la Marekani, palepale uwanjani, wakafa watu 583. Ukungu ulikuwepo, na haraka pia, lakini baada ya hapo ilibidi lugha ya redio irekebishwe: neno "takeoff", yaani kuruka, likaachiwa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka tu, au kuifuta.

Mvuvi akiniambia ndege ya Bukoba "ilizama", simsahihishi, ingawa mkia ulibaki juu ya maji. Wavuvi wenzake ndio waliowahi pale na mitumbwi, na watu 24 walitoka hai. Msoma habari mwenye karatasi mkononi ndiye nisiyemwachia.