Maji ya shamari kwa mtoto wa wiki 5

Swali: Nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu ana wiki 5, na kila jioni hulia akikunja miguu. Mama mkwe anataka nimpe vijiko viwili vya maji ya shamari (punje za fennel), kwani yeye huyanywa tumbo likimjaa gesi na hupata nafuu. Je, yanamfaa mtoto? Na mimi ninayenyonyesha?

Jibu la mfamasia: Hongera kwa uzazi, dada, na pole kwa jioni hizo. Mtoto usimpe. Mpaka atimize miezi 6 anatosheka na maziwa yako. Maji mengine humjaza tumbo akanyonya kidogo. Tena shamari ina kemikali ya asili iitwayo estragoli, ambayo kwa kipimo kikubwa imewaletea panya wa maabara saratani. Wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya haipendekezi chai yake kwa watoto walio chini ya miaka 4, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Kwa hiyo kwako wewe unayenyonyesha, punje chache ndani ya mchuzi au mkate hazina neno, ila chai yake iache kwa sasa.

Kilio cha jioni cha namna hii kwa kawaida huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupoa mtoto afikapo miezi 3 au 4. Kila akimaliza kunyonya mweke begani, mpigepige mgongo taratibu mpaka acheue. Lakini akipata homa, akitapika kijani, akitoa choo chenye damu au akikataa ziwa, mkimbizeni Hospitali ya King Fahd saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane.

Mama mkwe naye aendelee, maana kwa mtu mzima shamari inasaidia kweli. Mafuta yake, hasa anetoli, hulegeza misuli ya utumbo, gesi ikapata njia. Shida ni upishi. Wengi huchemsha punje nzima katika sufuria wazi. Nyumba yote hunukia, na harufu hiyo ndiyo dawa inayotoka dirishani. Achukue kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 2 hivi, azitwange kidogo kwenye kinu wakati ule ule wa kunywa, kupasua punje tu, zisiwe unga. Amiminie kikombe cha maji yaliyotokota, afunike kwa kisahani dakika 15, achuje. Matone yaliyoganda chini ya kisahani ayarudishe kikombeni, yana mafuta. Vikombe 3 kwa siku vinatosha, na wiki 2 zikipita bila nafuu amwone daktari.

Dukani achague punje zenye rangi ya kijani, nono kuliko bizari ya pilau, tamu zikitafunwa. Zilizogeuka kahawia na kukosa harufu asinunue. Na ikiwa karoti au giligilani humwasha mdomo, au amewahi kuugua saratani ya titi, asinywe kabla ya kuzungumza na daktari wake.