Kijana Wako Akisema Hakuna Mungu, Muulize Yupi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete aliniandikia. Kaka yake amerudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na Ijumaa moja baba alipomwamsha waende msikitini akajibu kuwa haendi kwa sababu hakuna Mungu. Baba sasa hali naye sinia moja na amemtaka atafute pa kukaa. Mama analia tu. Dada ananiuliza: "Nimpe kitabu gani?"

Nimeshamjibu mwenyewe, na kwa idhini yake nalijibu tena hapa kwa urefu, maana barua za namna hii zimezidi na jambo hili nalijua. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Haipiti wiki sijakutana na mtu anayeniambia hana dini. Wenzangu wengi hapo hugeuza mazungumzo, wakarudi kwenye milango ya njumu na bei ya viungo. Mimi huuliza: Mungu gani huyo usiyemwamini?

Swali hilo limenifaa kuliko hoja zote nilizopata kuzisoma. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Juma, mmoja akimkusudia Juma wa Gombani na mwengine Juma wa Mkoani. Mwaka 1948, redio ya BBC ilipowakutanisha mwanafalsafa Bertrand Russell na padri Frederick Copleston wajadili kama Mungu yupo, padri hakuanza na hoja. Alianza kwa kutaja anachokikusudia: aliye juu ya vyote, mwenye nafsi, asiye sehemu ya ulimwengu na ndiye aliyeuumba. Russell akakubali kuwa huyo ndiye watakayemjadili. Kisha padri akamuuliza kama anadai inaweza kuthibitishwa kuwa Mungu hayupo. Russell, ambaye wengi humtaja kama bingwa wa wakanamungu, akajibu kuwa hadai hivyo. Yeye ni agnostiki.

Jina hilo, agnostiki, lilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza Thomas Henry Huxley mwaka 1869, naye alimkusudia mtu asiyedai kujua jambo asilokuwa na ushahidi nalo. Kwetu "hayupo" na "sijui" zote hutiwa kapu moja, likaandikwa kafiri. Tafadhali, msifanye hivyo. Anayesema sijui bado anatafuta, na ukimfukuza utakuwa umemjibu wewe kabla hajamaliza kutafuta.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Nilikuwa mtoto wa chuo cha Qurani, Pemba kaskazini, sijaimaliza hata Juzuu Amma, nikamuuliza maalim wetu: kama kila kitu kimeumbwa, Mungu kaumbwa na nani? Sikuuliza kwa ujeuri. Nilichapwa mbele ya wenzangu mpaka kanzu ikashikana na mgongo, na tangu siku ile watoto wakaniita Kafiri. Jina lilinifuata mpaka skuli, mpaka uwanja wa mpira. Maalim ameshatangulia mbele ya haki, na namuombea. Lakini mama yangu alikuwa akilisikia jina lile dirishani, mwanawe akiitwa hivyo na watoto aliowalisha yeye mwenyewe, na hilo halijanitoka.

Baadaye sana, peke yangu, nikaja kusoma kuwa swali langu ndilo lililomfanya Russell, akiwa na miaka 18, aiache hoja ya sababu ya kwanza, ile isemayo kila kitu kina sababu, na ya kwanza ni Mungu; alilieleza mwenyewe katika mhadhara wake wa mwaka 1927 mjini London. Nikasoma pia kuwa Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, miaka mia nane na zaidi kabla yake, hakusema kila kitu kina sababu. Alisema kila kilichoanza kuwapo kina sababu. Asiyekuwa na mwanzo hamo katika hesabu hiyo. Unaweza kuikataa hoja ile, na wako walioikataa kwa akili nzuri, ila ni jibu, na lingeweza kuelezwa mtoto kwa maneno machache.

Ghazali huyo huyo ameandika kuwa aliwahi kuingiwa na shaka kubwa iliyomkaa karibu miezi miwili, hata hakuwa na hakika na macho yake. Mwaka 1095 ulimi ulimfunga, akashindwa kusomesha, akaiacha Baghdad na cheo chake. Huyu ndiye tunayemwita Hujjatul-Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Na katika Sahihi Muslim imo hadithi ya masahaba waliokwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwambia wanaona nafsini mwao mambo ambayo wanaogopa hata kuyatamka. Hakuwachapa. Aliwaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi.

Nirudi kwa wageni. Mwezi uliopita nilimtembeza mzee mmoja wa Denmark, mwalimu wa fizikia mstaafu. Tukiwa bado Forodhani akaniambia, kwa upole lakini kwa kukata, kuwa yeye ni mkanamungu. Nikamuuliza swali langu. Akaniambia hamwamini mzee anayekaa mbinguni akiwaandika watu madhambi. Nikamwambia huyo na mimi simwamini. Qurani inasema hakuna chochote mfano wake. Tukapita Hurumzi, penye hekalu la Wahindu. Nikamuonesha upande wa Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki. Nikamweleza kuwa hata sisi Waislamu wa hapa hatukuwa na kauli moja: masultani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, wanaosema Mungu haonekani duniani wala akhera, na raia wengi walikuwa wa madhehebu ya Shafii, wanaosema waumini watamuona akhera. Wakasali katika mji mmoja, wakaozana. Alistaajabu kidogo.

Akasema basi labda yeye ni kama Einstein, yule mwanafizikia. Wengi husema hivyo, na hapa lazima uwe makini, kwa sababu ni mahali ambapo muumini mwepesi hufurahi bure. Einstein alipoulizwa na rabi mmoja, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, mwaka 1929 kama anamwamini Mungu, alijibu kuwa anamwamini Mungu wa mwanafalsafa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vitu, na si Mungu anayeshughulika na hatima na matendo ya watu. Spinoza mwenyewe jumuiya yake ya Kiyahudi ya Amsterdam ilishamtenga tangu 1656. Mungu huyo hasikii dua. Kwa hivyo mtu akikwambia "namwamini kama Einstein," hamjakubaliana bado. Muulize kama huyo wake anaombwa.

Tulipofika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, mzee alinyamaza muda mrefu. Soko lile lilifungwa mwaka 1873. Halafu akaniuliza: watu wanauzwa hapa, Mungu wenu alikuwa wapi?

Hapo ndipo nilipomuelewa. Yale ya mzee wa mbinguni yalikuwa maneno ya juu juu. Dhiki yake ilikuwa hii. Nilimwambia ukweli, kuwa sina jibu la kumpa pale tuliposimama, na kwamba nikilitoa kwa wepesi nitakuwa nawadharau waliouzwa. Ila nikamuuliza: swali lako linasema Mungu hayupo, au linasema Mungu mwema asingenyamaza? Akafikiri. Akasema ni la pili. Yule mwema na mwenye uwezo wote hawezi kumkubali. Kama kuna mwengine, hajui. Tulipoagana akanishika mkono, akaniambia kuwa amejiita mkanamungu maisha yake yote na leo anaona neno "sijui" linamfaa zaidi.

Nitasema wazi: nilifurahi, na bado nafurahi. Sikumsilimisha. Nilimtoa kwenye "hayupo" mpaka "sijui" bila kumtukana wala kumdanganya, na sijamuona mtu yeyote aliyelifanya hilo kwa fimbo.

Sasa dada yangu wa Wete, na wazazi wote mnaosoma. Usimpe kitabu kwanza. Kaa naye mkiwa wawili. Usimjadili mbele ya wajomba wala kwenye kundi la ukoo la simu, kwa sababu mbele za watu kila mmoja hupigania heshima yake na hakuna atakayesema "hapo umenishinda." Muulize ni Mungu gani anamkataa. Muulize tena, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi huwa la kuokota mtandaoni. Sikiliza kama chini yake kuna msiba, dhuluma au fimbo ya mtu. Usipojua jibu, sema hujui. Nabii Ibrahim mwenyewe aliomba aoneshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie, na hakukemewa. Ninyi mmepata wapi ruhusa ya kumkemea mtoto anayeomba moyo wake utulie?

Akitaka kitabu yeye mwenyewe, mpe tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka 1969, na umuelekeze Suratul-An'am, pale Ibrahim anapoitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, kimoja kimoja anakiacha.

Baba yako mwambie amrudishe kwenye sinia leo hii hii, asingoje kijana atubu ndipo ale. Na kaka akiridhia, mwenyewe, bila kushurutishwa, anipigie. Jumatano baada ya alasiri huwa sina wageni.