Maswali na Majibu: Gari la mwendo wa pole na milango ya sheria

Barua nyingi safari hii zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: kama gari dogo la umeme la kilomita 40 kwa saa ni rahisi kuliunda, rahisi kulichaji na halitoi moshi, mbona halionekani barabarani? Nimezijibu moja moja.

Hilo si lile gari la kwenye uwanja wa gofu?

Ni ndugu yake, ila sheria imewatenganisha. Marekani iliweka mpaka huo mwaka 1998. Gari la magurudumu manne linaloweza kupita kilomita 32 kwa saa lakini lisilozidi 40 likapewa fungu lake, na lisilofika 32 likabaki gari la gofu. Lenye fungu lazima liwe na taa za mbele, taa za breki, indiketa, vioo vya kutazamia nyuma, breki ya mkono, kioo cha mbele, mikanda na namba ya utambulisho. Mifuko ya hewa haidaiwi, wala kugongeshwa ukutani kwa majaribio.

Ulaya wana fungu linaloitwa L6e: mwisho kilomita 45 kwa saa, na uzito wa gari tupu usizidi kilo 425 bila kuhesabu betri. Hayo maneno "bila kuhesabu betri" ndiyo yaliyoliokoa gari la umeme. Betri ingehesabiwa, mhandisi angebaki na kilo chache mno za bodi na viti.

Kama sheria ya kuliunda ipo, kikwazo kinatoka wapi?

Anayeruhusu gari kuundwa na anayeruhusu gari kupita barabarani mara nyingi si mtu mmoja. Mfano ninaoupenda, ingawa unasikitisha, ni wa Kanada. Kampuni ya ZENN ya Toronto ilikuwa ikiunda magari haya Saint-Jérôme, Quebec. Serikali kuu ilikuwa imeshalitambua fungu lenyewe, kwa hiyo kuunda na kuuza si kosa. Lakini barabara ni za majimbo, na majimbo mengi yalikataa au yalikaa kimya. British Columbia iliruhusu. Quebec, penye kiwanda, ilianza na majaribio mwaka 2008. Magari yakawa yanatoka kiwandani na kuvuka mpaka kwenda kwa wanunuzi wa Marekani, huku jirani wa kiwanda akiyatazama yakipita juu ya lori. Mwaka 2010 uundaji ulisimama.

Hakuna aliyesimama bungeni kulipiga marufuku gari lile. Lilipigwa danadana tu. Wa usajili anasema leteni cheti cha usalama, wa usalama anasema mwambieni wa barabara, na wa bima anasema hana jedwali la kitu hicho. Ni popo, si ndege si mnyama, na ofisi ya ndege humwelekeza kwa ofisi ya wanyama.

Kwa nini 40? Wangeongeza hadi 55 tu, tatizo lingekwisha.

Watengenezaji waliliomba hilo Marekani. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ikawakatalia mwaka 2008: gari la mwendo huo litachanganyika na magari ya kawaida, basi litimize masharti ya magari ya kawaida. Jimbo la Washington na Montana yalikuwa na sheria zao za kuruhusu magari ya umeme ya takriban kilomita 56 kwa saa. Lakini jimbo haliwezi kumruhusu mtengenezaji auze gari jipya lisilokidhi kanuni za shirikisho, kwa hiyo ruhusa ya barabara ikawepo bila magari ya kuitumia.

Hapa mimi niko nusu upande wa maofisa. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 40 hadi 56 kunaonekana ni hatua ndogo, kumbe nguvu inakaribia kuwa maradufu. Na mwaka 2014 Euro NCAP, shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, ilipoyagongesha magari manne madogo ya aina hii, matokeo yalikuwa mabaya, hata kwa yale yaliyokuwa halali kabisa kuuzwa. Nusu yangu ya pili inauliza: pikipiki, isiyo na hata mlango, ilipitaje kwenye dirisha hilohilo?

Mtaani kwangu mwendo ni mdogo, lakini kazini sifiki. Nifanyeje?

Huo ndio ukuta usiosemwa. Majimbo mengi ya Marekani huyaruhusu magari haya kwenye barabara ambazo mwendo wake wa juu ni kilomita 56 kwa saa. Ukiangalia ramani utafurahi, maana mitaa karibu yote inafaa. Jaribu sasa kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili: katikati kuna barabara ya kilomita 70, na daraja ni moja tu, nalo ni sehemu ya barabara hiyohiyo. Mji unageuka visiwa. Dawa haimo kwenye gari, imo kwa mwenye kibao cha mwendo, na kushusha kibao kunawaudhi madereva wengi ili kuwafaa wachache.

Makampuni makubwa ya magari ndiyo yanayoyazuia?

Wakati mwingine yaliyakumbatia, kwa sababu zao. California iliyalazimisha makampuni kuuza magari yasiyotoa moshi na ikakubali magari haya madogo yahesabiwe. DaimlerChrysler ikainunua GEM, iliyokuwa ikiyaunda, mwaka 2000. Ni njia nafuu ya kulipa deni la sheria kuliko kubuni gari kamili la umeme. Baadaye thamani ya hesabu hiyo ikapunguzwa sana.

Si bora serikali ifumbe macho, watu wayatumie?

China ilijaribu hivyo, hasa Shandong. Wazee waliyanunua kwa wingi kupeleka wajukuu shule, yakabatizwa jina la *laotoule*, furaha ya wazee. Betri za asidi, hayana namba, hayana bima, dereva hana leseni. Ajali ikitokea, mtaalamu analipima na kusema hili ni gari kamili, na mzee anajikuta ameendesha gari bila leseni. Dukani si gari, barabarani si gari, mahakamani likawa gari. Mwaka 2018 serikali kuu ikaamuru viwanda vipya visiongezwe, na tangu 1 Januari 2024 Beijing imeyazuia barabarani yale yasiyo halali. Aliyeumia si aliyefumba macho, ni aliyekwisha kulipa.

Ni kweli Ufaransa mtoto wa miaka 14 anaendesha?

Kweli, akiwa na cheti cha AM, leseni ya pikipiki ndogo na magari madogo ya aina hii. Aliyezaliwa kabla ya 1988 hata cheti hahitaji. Gari la Citroën Ami la mwaka 2020 ni la lile fungu la L6e. Itazame kwa karibu: mlango wa kushoto na wa kulia ni kipande kilekile, ndiyo maana mmoja hufunguka kwa mbele na mwingine kwa nyuma. Bampa la mbele na la nyuma ni pacha. Waya wa kuchaji umechomoza mlangoni, unaingia kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani.

Nimepata la mtumba kwa bei nzuri. Nianzie wapi?

Ofisi ya usajili, kabla ya kwa muuzaji. Ulizia linaingia fungu gani na uandikiwe. Kisha tafuta kibandiko cha namba ya utambulisho, herufi na tarakimu 17. Muuzaji akikwambia "hili halihitaji leseni", mwombe akuonyeshe kifungu.