Laini mbili, mtaro mmoja: usitie sahihi kabla hujatembea njia

Mkuu, usitie sahihi.

Umesema una duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani hapa Tanga, ghala Gofu na ofisi Chumbageni, umeletewa ofa ya faiba (waya wa intaneti wa nyuzi za kioo) na kampuni mbili, moja iwe laini kuu na nyingine ya akiba. Unauliza ununue ruta gani, kamera za ghala zipite wapi na kwa mwezi utalipa kiasi gani. Mimi nilipofika pale ulipoandika "kampuni mbili tofauti, kwa hiyo niko salama", chai ilinishinda. Maneno hayohayo niliambiwa, nikayalipia miaka miwili.

Ilikuwa masika. Saa nne asubuhi mtandao ukakata kati ya duka langu na ghala. Sikushtuka, si nina laini ya akiba? Nayo kimya. Nikachukua bodaboda nikaifuata barabara hadi nikakuta kijiko kinazibua mtaro wa maji ya mvua. Pembeni, kwenye udongo mbichi, mabomba mawili yamepasuliwa pamoja, la bluu na la rangi ya chungwa, hayajaachana hata shibiri. Nyuzi za faiba zimechomoza kama mishipi ya kuvulia. Kampuni mbili, ankara mbili kila mwezi, shimo moja!

Siku tatu, mkuu. Duka linauza kwa hesabu za jana, ghala linatoa mzigo kwa vikaratasi vilivyochanwa kwenye mifuko ya saruji. Bati 120 zikauzwa mara mbili. Mteja wangu wa Muheza, mtu wa miaka mingi, alikuja na Fuso yake, akaondoka nayo tupu. Hajarudi mpaka leo, na simlaumu.

Sasa yule aliyeniuzia. Alikuja na karatasi, akachora mstari mwekundu na mstari wa kijani, imeachana kama Pangani na Horohoro. Nilipompigia siku ile akaniambia, "Mzee, mkataba unasema laini mbili, na laini mbili unazo." Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini huyu aliondoka na hela yangu. Mtu anayejua njia ya waya akanyamaza ili apate kamisheni, mimi namwita mwizi.

Kwa hiyo kabla ya ruta, kabla ya bei: tembea njia. Kwa miguu. Mwambie kila mmoja akupe mchoro wa waya wake unapopita, tangu mlangoni kwako mpaka kwenye kituo chake. Fuata mifuniko ya chini, hesabu nguzo, angalia wanapovuka barabara. Njia zao zikikutana popote, hata kwa hatua kumi za kalavati, hiyo ni laini moja unayoilipia mara mbili. Akikataa kukupa mchoro, jibu umeshalipata.

Na usidanganywe kwamba laini ya simu ndiyo itakuokoa. Mnara mmoja hubeba kampuni kadhaa, na mnara wenyewe unaweza kuwa unalishwa na faiba ileile iliyoko mtaroni.

Mimi sasa nina faiba moja chini na antena juu ya paa, duka linatazamana na ghala. Inatumia mawimbi ya gigahezi 5, mvua haiisumbui. Zile za gigahezi 60 mvua kubwa huzizima, kwa masika yetu hapana. Ila macho kuona paa la pili hakutoshi. Kwa kilomita 2, katikati ya njia mawimbi yanataka nafasi ya kama mita 5 kuzunguka mstari, na walau 3 zisiguswe na kitu. Mnazi wa jirani unarefuka, ukaangalie. Antena nayo isiingilie tundu lilelile la ukutani, wala isitegemee soketi moja na faiba.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, ilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Kwangu saruji iliendelea kutoka, kwa sababu seva, yaani kompyuta inayotunza hesabu, iko dukani na antena inaongea na ghala juu kwa juu, haihitaji kutoka nje ya Tanga. Mwenye hesabu zake kwenye seva za ng'ambo, hata awe na laini mbili, siku ile alikwama.

Jumamosi asubuhi waite wote wawili, muanzie mlangoni pa duka lako kabla jua halijawa kali. Niandikie faragha, nami nitakuja. Ukitoka Ngamiani kwenda Gofu nitakuonyesha ule mtaro, mabomba yale mawili yaliungwa yakafukiwa palepale.