Kuandika na Kuhariri Visiwe Zamu Moja

Mwalimu mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Dada, hongera kwa mkataba. Ila wewe ni muuguzi, una watoto, una zamu za usiku. Muda wa riwaya unautoa wapi? Mimi vipindi na madaftari vinanimaliza." Ujumbe wake umenikuta nimetoka kukabidhi wodi. Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mna muswada uliolala mahali.

Mwalimu, riwaya hii iliyokubaliwa niliiandika kwa mdomo. Nikishuka daladala Mwanga, hapa Kigoma, kabla sijafika nyumbani, nafungua programu ya kuandikia ya Google Docs kwenye simu, nachagua Kiswahili katika kibodi, nabonyeza alama ya maikrofoni na kuongea. Anayepita hudhani naongea na ndugu yangu. Nukta na mkato siviangalii, jina la mhusika likiandikwa vibaya naliacha vilevile. Kazi ya saa ile ni kuitoa hadithi kifuani tu. Sura nzima ya mama anayejifungulia kwenye boti akitoka vijiji vya kusini mwa ziwa ilipatikana hivyo, kipande kwa kipande, na ndiyo sura mchapishaji aliyoisifu kuliko zote. Nimeifurahia sifa ile, sitaficha.

Zamu ya usiku siandiki hata mstari. Pale nina wazazi wa watu mikononi. Mwandishi anayeiba muda wa kazi yake ataandika kwa hofu, na hofu inaonekana kwenye sentensi.

Kazi ya kuhariri naipa alfajiri ya siku ya mapumziko, saa kumi, watoto wamelala. Miaka ya nyuma mhariri wa kampuni moja alinirudishia muswada na sentensi moja tu: "Kiswahili hiki hakijapigwa pasi." Hakunionyesha hata ukurasa mmoja wenye kasoro. Kurasa zile niliziandika mtoto akiwa mgongoni. Iliniuma, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile koo linakaza. Lakini tangu hapo hakuna muswada unaotoka kwangu bila kupita kwenye meza ya alfajiri.

Mezani natumia LibreOffice. Ni programu ya kuandikia kwenye kompyuta, ya bure, na ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, hivyo haikupigii mistari myekundu ukurasa mzima kama programu inayodhani unaandika Kiingereza. Itakukamatia neno lisilomo kwenye kamusi hiyo. Haitakukamatia "alikua" ulipokusudia "alikuwa", kwa sababu yote mawili ni maneno halali: mmoja amekua kimo, mwingine alikuwa mahali. Hapo ndipo watu wanapoaibika. Dawa ni sehemu ya kutafuta neno: andika "alikua", simama kila linapotokea, amua. Fanya hivyo pia kwa maneno uliyoyazoea kupita kiasi. "Ghafla" likitokea mara tatu katika ukurasa mmoja, msomaji hashtuki tena. Maana ikikutatiza, Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwe karibu. Kisha soma kwa sauti, kila neno. Sikio halidanganyiki kama jicho.

Kuna ule utaratibu wa Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwa kuhariri unafaa sana. Kwa kutunga haufai, kengele inalia mhusika ndiyo kwanza anaanza kusema.

Niseme na hili. Tangu washindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu watangazwe mwaka 2023, nawasikia vijana hapa Kigoma wakisema watashiriki mwakani. Mwakani ikifika, wanaandika na kuhariri kwa pamoja, wiki ile ya mwisho. Jamani, heshimuni maneno yenu. Msomaji amekupa usiku wake, nawe umpe alfajiri yako.

Basi, mwalimu, Novemba yako ya mitihani usiiwekee mzigo wa kuhariri. Ongea na simu ukitoka shuleni, hata aya moja. Desemba shule zikifungwa, hamishia kila kitu kwenye kompyuta na uanze na "alikua". Sura ya kwanza ikisimama, nitumie. Nitaisoma, na nitakuonyesha ukurasa kwa ukurasa.