Nyie mnaopanga bonanza la ofisi, nyama nyama sio ya kukurupuka

Wadogo zangu wa HR, juzi nimepita Kigamboni nikakuta ofisi moja iko kwenye bonanza, MC kijana mgeni kazini, anachezesha watu rede, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushiwa, kwa mpira wa voliboli. Wa voliboli! Mama wa watu kaupokea na paji la uso. Nikasema ngoja niandike.

1. Rede ni mpira wa soksi, basi. Wa kujaza mchanga kwenye chupa awe bosi, warushaji wawe wale anaowazungusha likizo.

2. Kuvuta kamba changanya idara. Ukipanga uhasibu na mauzo wavutane, umehamishia ugomvi wa masurufu uwanjani. Na mtu asizungushe kamba mkononi, vidole vinaondoka. Hii sio SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali, hakuna kombe.

3. Nyama nyama. Hapa nikae kidogo. Mnaujua, MC anataja mnyama, akiwa analiwa mnaruka na kuitikia nyama, akiwa haliwi mnakausha, ukiruka umetoka. Mi ndo nilikuwa MC, ofisi yangu ya zamani, mzuka umenipanda, ng'ombe nyama, mbuzi nyama, kuku nyama, kasi inaongezeka, nikaropoka nguruwe. Nusu wakaruka, nusu wakakausha, na bi mkubwa mmoja wa masijala, hajati, ushungi umekaa sawasawa, karuka na "nyama!" kubwa kuliko ya wote maana miguu ilishakolea. Watu hoi kwa kicheko. Na mi fala nikaongezea kwenye maiki, "Hajati, umetoka au umebaki?" Jumatatu jina lishazaliwa kwenye korido, sitaliandika hapa. Akaacha kushuka kantini, chai anakunywa mezani kwake kaupa mlango mgongo. Nikamfuata kumuomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "Yamekwisha mwanangu," halafu akaendelea kugonga mihuri kama sipo. Hayakwisha. Mpaka nahama pale, mafaili yangu yalikuwa yanatoka masijala kwa mwendo wa kinyonga, na sikuwahi kuwa na mdomo wa kulalamika.

Kwa hiyo andika wanyama wako kwenye karatasi kabla hujapanda jukwaani. Fisi, paka, chura, mjusi, wapo wengi tu. Panya nae muache, kuna watu kwao Kusini ni kitoweo na utani wa hapo huwa hauishi vizuri.

4. Kombolela wape wale wa field. Yule mpole asiyefungua mdomo kikaoni ndo atabaki kajificha mpaka dakika ya mwisho, anachomoka, anapiga kopo teke, wote mlioshikwa mko huru, na meneja wake yumo. Hiyo wiki nzima inaongelewa, sio zile slaidi zenu. Ila wajifiche ndani ya uzio na uhesabu watu kabla ya msosi, sisi tulishapakua pilau na soda zimeisha, dereva bado yuko juu ya mwembe hajaambiwa mchezo umekwisha.